Chapa ya Susana Mkononi Mwangu

Walionizidi umri, shikamooni, ingawa mmebaki wachache na wengi wenu gazeti hamlisomi tena, mnafungiwa karanga tu. Ninyi wengine wote, marahaba.

Kwa ambaye Jumamosi iliyopita alinikosa: mimi ni Anastazia, mjane wa Werema, mtu wa Musoma. Mume wangu alifariki tukamzika kwao Butiama. Siku ya mazishi nikazitafuta mali zake tatu alizokuwaga hatengani nazo: kofia yake ya pama, fimbo yake, na kigoda chake cha miguu mitatu. Sikuona hata kimoja. Nikamwita shemeji yangu Nyamhanga mwizi, mbele ya padri, mbele ya waombolezaji, mbele ya sufuria za pilau. Yeye akanitazama tu, akasema, "Shemeji, una uchungu."

Nikarudi Musoma kwa binti yangu Judith sina hata kifungo cha shati la mume wangu.

Ndipo nikaapa nitachora tatuu. Kitu chake kikae mwilini mwangu. Vya ndani ya nyumba vinabebwa, vya kabatini vinabebwa. Hiki cha kwenye ngozi waje wanichune!

Mliniacha kwa Mihayo, kinyozi wa Nyakato anayechora na watu, ameshika kalamu, anajaribisha sura ya Werema mkononi mwangu kabla hajatia sindano. Sasa akamaliza, akaniambia nitazame.

"Nani huyu?" nikamwuliza.

"Babu. Si ndiyo huyu wa kwenye picha?"

"Huyu ni mbuzi aliyekoseshwa usingizi."

Mteja aliyekuwa anasubiri kunyolewa akaficha uso kwenye taulo.

Mihayo hakucheka. "Kunja mkono, bibi." Nikakunja. Werema akakunja uso. "Haya, nyoosha." Nikanyoosha. Werema akatoa ulimi.

"Umeona? Mchoro hauna shida. Shida ni karatasi."

"Karatasi ndiyo mimi?"

"Sijasema hivyo, bibi."

"Umesema. Wewe mtoto wa Kisukuma, karatasi hii ilikuwaga laini mpaka vijana wa Musoma wanaiota usingizini."

Akanipa simu nichague mchoro mwingine. Simba. Mabawa. Waridi lina miiba. Malaika mnene hana nguo, ati huyo ndiyo wafiwa wengi wanamchaguaga.

"Mume wangu alikuwa mwembamba," nikamwambia, "na hajawahi kukaa uchi mbele za watu."

Nikaondoka na hasira zangu, na yule mbuzi wa kalamu mkononi.

*

Judith alikuwa anapanga vyombo nilipoingia. Nyumba yake iko Mwisenge, nyumba nzuri, ina kila kitu isipokuwa amani yangu. Aliuona mkono kabla hajaniona mimi.

"Mama! Nini hicho?"

"Baba yako."

Akasogea. Akainamisha kichwa. "Mbona ana pembe?"

"Ni masikio hayo. Mchoraji kayakosea."

Akakaa chini. Judith akikaa chini kabla ya kusema, ujue ni hotuba. "Mama, una sukari. Kidonda chako kidogo kinakaaga mwezi. Una umri. Una jumuiya. Akina mama wa jumuiya watasema nini wakiona mjane wa marehemu Werema kachorwa kama kondakta?"

"Bibi yako mzaa mimi alichanjwa chale tumbo zima, kama mkeka. Padri aliyembatiza hakumwuliza."

"Zamani hizo, mama."

"Na mimi ni wa lini?"

Halafu akaja na sauti ya upole, ile ya kuwapa watoto dawa. "Basi kama ni lazima, tuchague kitu cha heshima. Msalaba mdogo. Chini yake jina: Werema."

"Akina Werema wako wangapi mkoa huu? Nikikatiza sokoni na jina hilo mkononi, kila mwanamke mwenye Werema wake atanirukia."

"Sasa unataka nini, mama?"

Hapo ndipo paliponiuma. Sikuwa najua. Nilijua tu visivyo. Usiku na mchana nawaza, na kila mtu ana tatuu yake tayari kichwani mwake, isipokuwa mwenye mkono.

Nikamfuata hata Abubakary, yule anayeandika majina ya mitumbwi kule mwaloni mitumbwi inakotia nanga, nikidhani ana wazo zuri kuliko kinyozi. Akanisikiliza vizuri, brashi mkononi. Akasema, "Bibi, mimi naandika mbao. Watu alishawaandika Mungu, sishiki hapo." Akarudi kwenye mtumbwi wake.

Hata mitumbwi ina jina la mtu. Mimi sina.

*

Akaja Hana.

Hana ni mwenzangu wa siku nyingi. Kwao Kibara, ila Musoma yote inamjua kwa dagaa na furu wakavu. Ni mjanja, mdomo wake ni wembe, na ana moyo. Kwenye msiba wa Werema alilia kunishinda mimi, mpaka watu wasiotujua wakawa wanampa pole yeye. Ana binti mmoja kaolewa Bunda, anamwitaga Mama Rhobi. Miaka yote hiyo sijawahi kumtia machoni huyo Mama Rhobi. Kila nikisema twende tukamsalimie, Hana anashikwa na mafua.

Siku hiyo aliweka beseni lake la dagaa mlangoni, akaniona nimejiinamia.

"Mama Judith, na leo tena?"

Nikamweleza yote: mbuzi, malaika, msalaba, mitumbwi. Alicheka mpaka akajifuta machozi na kanga. Halafu akaacha ghafla.

"Nikuulize. Werema alipenda nini?"

"Alinipenda mimi."

"Baada yako."

"Ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Susana, nani mwingine?"

Hapa lazima niwaeleze Susana, msije mkadhani ni mtu. Ni ng'ombe jike, mwekundu, mzee sasa, yuko kwenye zizi la ukoo Butiama. Werema aliniambia kamnunua mnadani Bunda. Jina alimpa mwenyewe. Nilipomwuliza ng'ombe gani anaitwa Susana, akasema anatembea kwa madaha kama mwimba kwaya. Basi. Akirudi kutoka Butiama ni Susana kala, Susana kazaa, Susana kanikumbuka. Mimi nilikuwaga namtania, namwambia siku moja utaniletea mke mwenza ana mkia.

Hana alikuwa ananitazama.

"Basi chora chapa ya Susana," akasema.

"Chapa?"

"Ile alama ya moto ya pajani. Mwanaume wa kwao Werema sahihi yake siyo ya kalamu. Sahihi yake iko kwenye paja la ng'ombe. Yeye akifa, ng'ombe anabaki nayo."

Wasomaji, mwili ulinisisimka. Chapa! Jambo limekaa machoni pangu miaka yote na sikuliona.

Msinicheke. Mimi nimezaliwa mjini. Baba yangu alikuwa seremala, ng'ombe nilimjua kwenye mchuzi. Kuolewa nimeolewa, lakini tuliishi Musoma, mimi na vitumbua vyangu, na Butiama nilikwenda kwa harusi na misiba. Zizini kuna mambo ya wanaume. Chapa nilikuwa naziona kama ninavyoona namba za magari: najua zina mwenyewe, sijui za nani.

Nikamkumbatia Hana na harufu yake ya dagaa.

"Na ukishachora," akanisemea sikioni, "usifiche. Siku ya kumbukumbu uwaonyeshe shemeji zako wote. Unanisikia? Uwaonyeshe."

Nikasema moyoni, huyu ndiye rafiki.

*

Picha nilikuwa nayo kwenye simu: Werema amesimama na Susana, kaegemeza mkono mgongoni kwake kama wachumba. Mihayo akaivuta kwa vidole mpaka paja la ng'ombe likajaa kioo chote. Chapa ikaonekana safi. Mistari miwili imesimama, na chini yake kama mwezi mchanga umelala.

"Hii ndiyo nataka," nikasema. "Hakuna masikio ya kukosea."

Judith alikuja nami, ameshanipeleka kupima sukari na daktari kasema iko sawa. Kanuna, lakini kaja. Alibeba dawa ya kidonda, pamba, na maombi.

Mashine ikaanza kulia kama nyuki kafungiwa kwenye chupa.

"Utavumilia, bibi?"

"Nimezaa bila ganzi, nimeolewa bila ganzi. Choma."

Akachoma. Nikaitaja mizimu ya Wasukuma wote wa Magu.

"Bibi, usicheze mkono."

"Siuchezi. Unakimbia wenyewe."

"Naomba uivute ngozi kidogo."

"Ivute wewe, ndiyo kazi yako. Mimi nimeivuta maisha yangu yote, tazama ilipofika."

Judith akacheka. Alicheka kweli, mara ya kwanza tangu msiba, na mkono wake ukashika bega langu na hakuutoa.

Mihayo alipofuta damu, nikaiona. Mistari miwili na mwezi wake. Nyeusi, imetulia, kama imezaliwa hapo. Nikaifunika kwa kiganja. Sijui niseme vipi na elimu yangu ya darasa la saba: tangu tumzike, nilikuwa natembea kama mtu kasahau kitu nyumbani. Siku hiyo nilitoka kwa kinyozi sijasahau kitu.

Nikalala na mkono kifuani.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningekuwa mtu mwenye bahati. Na mnajua mimi na bahati hatujawahi kusalimiana.

*

Kumbukumbu ya mwaka ikafika. Kidonda kilikuwa kimeshapona. Nikamwambia fundi anishonee gauni lina mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Akauliza kama kitambaa kimepungua. Nikasema ndiyo.

Butiama watu walijaa. Misa ikasomwa, kaburi likabarikiwa, limejengewa vizuri na saruji yake. Mimi muda wote nimejifunika kitenge. Nilikuwa nawasubiri wanaume wale, wanywe, wakae kwenye viti vyao karibu na zizi, watulie.

Walipotulia nikaenda. Nikasimama mbele ya Nyamhanga. Nikavua kitenge.

"Shemeji," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "mlichukua kofia. Mlichukua fimbo. Mlichukua kigoda. Hii nayo chukueni!"

Nikawanyooshea mkono.

Nilitegemea waone haya. Nilitegemea mmoja wao aseme, huyu ni mke kweli.

Mzee mmoja aliinuka, akauangalia mkono kwa karibu, akaniangalia mimi, akarudi kukaa. Akasema neno moja kwa Kizanaki. Wenzake wakatazama chini. Mwingine mabega yakawa yanamtikisika.

"Shemeji," Nyamhanga akasema polepole, "nani kakupiga chapa hii?"

"Nimepigwa kwa hiari yangu. Chapa ya mume wangu."

"Hiyo siyo ya kwetu."

"Susana anayo!"

"Susana anayo, ndiyo. Alikuja nayo."

"Kutoka mnadani."

Akakohoa. "Nani alikuambia mnadani?"

"Mume wangu."

"Basi ni mnadani." Akaanza kuondoka.

Nikamkamata shati. Mnanijua. Shati lilianza kulia.

"Nyamhanga! Nimechomwa sindano kwa ajili ya alama hii. Nimevuja damu. Hutoki hapa mpaka nijue nimebeba nini."

Akaona watu wanatazama. Akanishika mkono, taratibu, akanipeleka kwenye uzio wa zizi. Judith akaja nyuma yetu.

"Angalia mapaja," akasema.

Nikaangalia. Ng'ombe wa kwanza, alama kama panda ya manati. Wa pili, panda. Wa tatu, panda. Zizi zima panda tupu. Ndiyo chapa ya Werema, ya baba yake na babu yake. Halafu kule pembeni, peke yake, anatafuna bila haraka, Susana. Mistari miwili na mwezi.

"Ng'ombe wa mahari," Nyamhanga akasema, "anakujaga na chapa ya alikotoka. Sisi hapa hatumpigi ya pili. Tunamwacha nayo, binti aliyemleta akumbukwe."

Nilisikia kila neno. Kuelewa ndiyo kukagoma.

Mimi nimezaa mtoto mmoja, Judith. Judith kaolewa na Mhaya. Walileta bahasha, mablanketi na seti ya vikombe. Haikuja hata kwato.

"Mahari ya nani, Nyamhanga?"

Akamtazama ng'ombe.

"Werema alikuwa na binti mmoja."

Akang'oa jani kwenye uzio.

"Nyamhanga. Werema alikuwa na binti mmoja."

"Shemeji, mwaka wa kwanza wa msiba mtu hamsemi marehemu vibaya."

"Na kuanzia kesho, ambayo ni mwaka wa pili?"

Akavua kofia yake, akajipepea. Nilimwona ghafla amezeeka. "Chapa hiyo ni ya ukoo mmoja wa Bunda, kule Balili. Niliapishwa ninyamaze, na nimenyamaza. Sikuapishwa nikuzibie njia." Akaivaa tena. "Na vitu vya kaka yangu sijawahi kuviiba. Nilikuambia siku ile kwamba una uchungu. Nikakuachia uchungu wako."

Wasomaji, nilitaka ardhi inimeze. Mwaka mzima nimemtangaza mtu yule mwizi. Na mkononi mwangu, palipo pazuri pa kuonekana, nimejichora risiti ya mtoto nisiyemzaa.

*

Kesho yake tukaenda Bunda, mimi na Judith, gari kakodi yeye. Judith hakusema neno njia nzima. Tulipouona mlima wa Balili ndipo akafungua mdomo.

"Mama, nilikuambia uchore msalaba."

Hatukupata shida ya kuuliza. Ng'ombe walikuwa wanatoka kunywa maji, wanavuka barabara, dereva akasimama. Nikachungulia dirishani. Paja la kwanza, mistari miwili na mwezi. Paja la pili, hivyo hivyo. Kundi zima linapita mbele yangu na alama yangu, kama tumetoka tumbo moja. Mmoja akaniangalia. Nikaficha mkono.

Tukalifuata vumbi lao mpaka kwenye mji wenye nyumba ya bati na miamba mikubwa nyuma. Kwenye mwamba mmoja mwanamke alikuwa anaanika udaga wa mihogo. Alituona, akashuka, anajifuta unga mikononi.

Judith akanishika kanga kwa nyuma, kama alivyokuwaga ananishika akiwa mdogo akiona mbwa.

Maana aliyekuwa anakuja alikuwa Judith. Paji lile. Mwanya ule wa mbele wa Werema, ambao nilidhani umerithiwa mara moja tu hapa duniani. Na mwendo, jamani, wa madaha, wa mwimba kwaya.

Alifika. Akamtazama Judith. Akautazama mkono wangu. Akapiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Sikuitika. Nilivyolelewa, shikamoo haiachwi chini, lakini siku hiyo niliiacha.

"Unaitwa nani?" nikamwuliza, ingawa ng'ombe alishaniambia.

"Susana."

Upepo ukapita kwenye udaga. Nikawa naitafuta hasira yangu, niliyoipakia Butiama ikiwa nzima, niliyoibeba njia yote. Ilikuwepo, ila haikujua imshike nani. Huyu aliyepiga magoti hakuniibia kitu. Yeye alizaliwa tu.

"Mama yako ni nani?" nikasema. "Yuko wapi? Hai au mfu?"

Aligeuza kichwa kuelekea nyumbani, akaita, "Rhobi! Leta viti, kuna wageni!"

Rhobi.

Nikasimama nimekauka. Judith akauliza, "Mama, vipi?" Nikamfanyia ishara anyamaze. Maana ndani ya nyumba mtu alikuwa anakohoa. Kikohozi cha mafua. Na kikohozi kile nakijua, nimekisikia miaka yote mlangoni kwangu, juu ya beseni la dagaa.

Sikungoja kukaribishwa.

Ndani palikuwa na giza kidogo nikitoka juani. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kofia ya pama, imetundikwa msumarini. Chini yake fimbo imeegemea ukuta. Na chini kabisa, kwenye kigoda cha miguu mitatu, kile kile nilichomtukania Nyamhanga mbele ya padri, amekaa Hana.

Safari hii mafua yalikuwa ya kweli.

"Kumbe ulichora," akasema. "Nilidhani utaogopa sindano."

"Hana."

"Nilitaka kukuambia tangu zamani, Mama Judith. Namwomba Mungu ashuhudie. Kila nikifungua mdomo inatoka bei ya dagaa."

"Ukaona bora nichomwe."

"Nikaona bora ukaulize mwenyewe. Mtu anayeambiwa anaweza kuziba masikio. Anayeuliza mwenyewe atasikia tu."

"Ulikula kwangu!"

"Nilikula."

"Ulinisuka nywele! Ulinifunga kitambaa cha msiba kwa mikono hiyo!"

"Na mimi nani alinifunga?" Akakishika kigoda kwa mikono miwili. "Nililia pale kwenye kaburi kama rafiki wa mke. Watu wakanipa pole kwa bahati mbaya, wewe ukacheka. Unakumbuka? Ulicheka. Ndiyo pole pekee niliyopata."

Nilikumbuka. Nilicheka kweli.

"Na hivi?" Nikaonyesha kofia, fimbo. "Uliviiba lini?"

"Alivileta mwenyewe, alipoanza kuumwa, wewe akakuambia kaviacha Butiama. Alisema atavifuata." Akajifuta pua kwa kanga. "Akaacha na neno lako, Mama Judith. Alisema ukija hapa kwa miguu yako, nikupe kigoda. Ukikaa, ndipo nikuambie neno."

"Na nisipokaa?"

"Basi nitakufa nalo."

Akainuka, kwa shida, anashika ukuta. Akakisukuma kigoda kwa mguu wake mpaka katikati ya chumba. Kikasimama pale, kimechakaa pale palipochakazwa na Werema.

Mimi nimeolewa katika watu hawa, na hata kama zizi silijui, kigoda nakijua. Kigoda cha mume akikipokea mke mkubwa mkononi mwa mwenzake, amemkubali. Kuanzia hapo nyumba ni mbili, watoto ni wa wote, na hakuna tena wa kumwita mwenzake mwizi. Na kigoda kikipigwa teke, aliyepigwa ni mwenyewe aliye kaburini. Hakuna anayekiokota tena.

Mlangoni walikuwa wamesimama wawili, mwanga nyuma yao, siwezi kuwatofautisha.

"Mama, usikae," akasema mmoja.

"Kaa, mama mkubwa," akasema mwingine. Sauti ni moja.

Hana alikuwa ananitazama na macho yake mekundu. Hakuniomba. Angeniomba ingekuwa rahisi.

Mkono ukaniwasha, pale pale kwenye mistari miwili na mwezi. Nilikitaka mwaka mzima: kitu cha Werema ambacho hakuna wa kunivua. Sasa kilikuwa mbele yangu, mbao tupu na miguu mitatu, na aliyekuwa ananipa ni yule aliyeninyang'anya.

Nikakisogelea.

Nikainua mguu.